Kompyuta Inasema Bado Nipo Msibani

Mama Paskalia, shikamoo.

Naomba univumilie maana hata sijui nianzie wapi, na naomba usinicheke, au ukicheka ucheke kwanza halafu unisaidie, kwa sababu Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu kuna wageni wanatoka Karema kuja kunihani kwenye msiba ambao haupo, na aliyewaita ni mimi, au tuseme ni kompyuta yangu ya ofisini.

Mimi ni binti wa Katumba, nimezaliwa hukohuko, wazazi wangu waliletwa kutoka Burundi wakiwa bado watoto na sasa sisi ni Watanzania kwa karatasi na kwa kila kitu, nina miaka thelathini na sita, sijaolewa, nimepanga chumba Kashaulili nyuma ya soko na nafanya kazi kwenye shirika moja hapa Mpanda linalosaidia vikundi vya wavuvi na wafuga nyuki, kazi yangu ni kupokea ripoti za vikundi kwa imeili na kuzipanga. Baba alishatangulia. Mama alibaki Katumba kwenye nyumba yetu na kila Jumamosi nilikuwa naenda kumwona, nampelekea sukari na sabuni, yeye ananifungashia maharage, tunakaa tu jikoni hata bila kuongea sana, mpaka mwaka jana wakati wa palizi ya mahindi akaugua kifua, tukamlaza hospitali, na hakurudi tena nyumbani.

Siku naondoka kwenda kuzika, Method anayetushughulikia kompyuta pale ofisini aliniambia niweke ile kitu ya kujijibu yenyewe, kwamba mtu akikutumia imeili na wewe haupo, kompyuta inamjibu kwa niaba yako, akanionyesha mfano wa Kiingereza, mfupi, sipo ofisini mpaka tarehe fulani, basi. Nikaona hapana, huo ni ukavu. Mama yangu alikuwa hawezi kutoka nyumbani bila kumwambia jirani yetu mama Séverine anakwenda wapi, hata akienda kusaga unga tu, alikuwa anasema sisi tuliondoka kwetu mara moja bila kuaga mtu na hiyo mara moja ilitosha. Basi nikaandika kwa Kiswahili, hivi: «Habari. Sipo ofisini. Nipo Katumba kwenye msiba wa mama yangu mzazi. Nitarudi tukishaganduka. Kwa jambo la haraka mpigie Leonidas.» Nikaweka na namba ya Leonidas, ambaye tunakaa naye chumba kimoja pale kazini. Method akauliza, hapa kwenye tarehe ya mwisho tuweke lini, nikamwambia acha wazi, tarehe inapangwa na ukoo.

Labda wewe hujui kuganduka, ngoja nikueleze. Kwetu sisi wa asili ya Burundi mtu akishazikwa kilio hakijaisha, kuna siku ya mbele ambayo ndugu wote wanakusanyika tena, mnasali, mnakula, halafu mtu mmoja anasimama anawaambia wafiwa kwamba kuanzia leo mmeruhusiwa, lieni kimoyomoyo lakini rudini kwenye maisha, hiyo ndiyo kuganduka, na kabla ya hapo mfiwa anajizuia mambo mengi. Wengine siku hizi wanamaliza yote palepale makaburini kwa sababu ya haraka, ila sisi tulikubaliana tusubiri mavuno ili watu wapate nafasi. Mavuno yakafika. Kaka yangu Aristide anaendesha lori la mizigo kwenda Zambia, akasema tusogeze kidogo. Dada yangu Odeta ameolewa Kasulu, akasema mtoto anaumwa, tuweke Krismasi. Krismasi ikapita. Nikaandika kwenye grupu letu la familia, jamani kuganduka ni lini, Aristide akaweka picha ya mikono inayosali, Odeta akaandika tuombe uzima, na hapo ndipo grupu lilipoishia, sasa hivi mahindi mengine yameshapandwa.

Mimi nilirudi kazini likizo ya msiba ilipoisha. Nikawasha kompyuta nikakuta ile meseji bado inafanya kazi, nikapeleka mkono niizime, nikashindwa. Mama Paskalia, usinione mjinga, niliandika nitarudi tukishaganduka na hatujaganduka, kwa hiyo nikiizima mimi, peke yangu, kwa kubonyeza tu, ni kama nimejigandua, na kwetu mtu hajigandui mwenyewe, lazima aambiwe na mwenzake. Nikasema nitaiacha wiki moja, ndugu watapanga siku. Mpaka leo ipo. Sijasuka nywele, sijaenda harusi ya mtu, watu wa kanisani wameacha kunialika.

Na pale ofisini hakuna aliyegundua, kwa sababu wao kwa wao hawaandikiani imeili, wanaitana tu kwa sauti. Wanaoandika ni watu wa nje, na wakijibiwa vile wanampigia Leonidas. Siku moja nipo kwenye meza yangu, Leonidas yupo kwenye yake, katikati kuna chupa ya chai tu, simu ikaita, nikamsikia anasema, «Aa, huyo dada bado yupo msibani, nitumie mimi.» Akakata, akaendelea na chai yake. Hakuniangalia hata. Nikasubiri labda atastuka, atacheka, atasema samahani nimepitiwa, wapi. Siku hizi karibu kazi zangu zote zimehamia kwake na mkuu wetu hajauliza kitu, nami nakaa pale nimevaa vizuri, naonekana kabisa, lakini ni kama ile meseji ndiyo inayosema ukweli na mimi ndiye niliyekosea kuja.

Sasa nije kwa Shadia. Huyu ni katibu wa kikundi cha akina mama wanaoanika dagaa kule Karema, hatujawahi kuonana, anatuma ripoti kila wiki. Mara ya kwanza alipopata lile jibu aliandika pole ndefu, ya kwake mwenyewe, na wiki iliyofuata alipolipata tena akaandika tena, akauliza mama alikuwa mtu wa namna gani. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwandikia. Nikamwambia mama alikuwa anaimba akisonga ugali na anakasirika ukimsikiliza, nikamwambia alivyokuwa hapendi kupigwa picha, ndiyo maana tuna picha yake moja tu na kaangalia pembeni. Naye akaniambia yake. Aliniandikia, «Mimi nilipofiwa na mume wangu watu walijaa siku tatu, siku ya nne nikabaki na masufuria yao. Ndiyo maana wewe sikuachi.» Wiki zote hizi anauliza, mmeamkaje hapo msibani, na mimi najibu, tumeamka salama, tunamshukuru Mungu, wakati nimeamka peke yangu Kashaulili na sina wa kumuuliza ameamkaje. Yeye anadhani najibu kwa simu nikiwa Katumba. Nilikuwa naogopa kwamba nikimwambia nilisharudi zamani ataniandikia ripoti tu, kilo ngapi na magunia mangapi, na maneno yale mengine yataisha.

Basi wiki iliyopita ameandika kwamba msiba wa muda mrefu namna hii si wa kuachiwa familia moja, wao Waislamu wakisoma arobaini wanakuwa wamemaliza lakini anaheshimu ya kwetu, kwa hiyo yeye na wenzake wawili wanapanda basi kuja Katumba Jumamosi ya mwisho wa mwezi na gunia la dagaa na migebuka mikavu, wakae nami mpaka tuganduke. Anasema alimpigia kwanza Leonidas kuhakikisha, na Leonidas akamwambia ndiyo, bado yupo kulekule.

Nyumba ya Katumba imefungwa, ufunguo upo kwa mama Séverine, uani najua majani yameshafika magotini. Sijakanyaga pale tangu tulipotawanyika baada ya kuzika. Jumamosi zikifika naoga, navaa, nakaa kitandani na mkoba, halafu nauvua mkoba. Nifanye nini mama yangu? Nimwandikie asije, kwamba tumeshamaliza? Nijifanye naumwa? Method anasema kuizima ile kitu ni kubonyeza mara moja tu, na nikiizima leo kabla hajaandika tena labda atadhani yote yameisha vizuri. Nisaidie, kwa sababu nikimpoteza huyu sitakuwa na mtu wa kuniuliza nimeamkaje.

Ni mimi,
Mfiwa wa Kashaulili

*

Mfiwa wa Kashaulili, marahaba mwanangu.

Nilicheka, kwa kuwa ulinipa ruhusa. Nilicheka nilipofika kwa Leonidas na chai yake, halafu nikarudia kusoma pale ulipomsubiri astuke, nikaacha kucheka. Pole. Pole ya mama, na pole ya hiyo meza.

Sasa tugombane kidogo. Lile jibu la kompyuta si uongo. Ulisema utarudi mkishaganduka, hamjaganduka, na mimi niliyesoma barua yako nasema kweli hujarudi. Hilo sikulaumu. Uongo ni ule wa «tumeamka salama». Huo kompyuta haikukuandikia, uliuandika kwa vidole vyako, wiki baada ya wiki, kwa mwanamke aliyekuletea msiba wake mwenyewe mkononi. Ulikuwa mpweke, naelewa, na mpweke akipata wa kuongea naye anaogopa kumwaga hata tone. Lakini umemlipa mtu wa kweli kwa familia ya kubuni, na sasa anataka kuja kuisalimia. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Kilio chako kinapanda basi la Karema.

Na usinitajie tena hiyo ya kujifanya unaumwa. Umekaa mwaka mzima ukiomba kimoyomoyo mtu aje akae nawe. Mtu amesikia, amefunga gunia, na wewe unatafuta jinsi ya kumfungia mlango? Wenye lugha walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwanangu, huyo mwenyeji ni wewe.

Leo hii, kabla hujalala na huu ushauri, mpigie Shadia. Nimesema umpigie, usimwandikie, maandishi mmeshayatumia vya kutosha. Namba yake utaipata kwa Leonidas, si Shadia alimpigia. Na unapoiomba, simama mbele ya meza yake umwambie, «Mimi nimerudi. Nimerudi siku nyingi, na ripoti za vikundi ni zangu.» Usiseme kwa ukali. Sema mpaka aweke kikombe chini. Simtetei Leonidas, lakini nitakwambia ninachodhani: watu wengi hawajui la kumwambia mfiwa, kwa hiyo wanajifanya hayupo, na wewe ulimpa sababu iliyoandikwa.

Shadia mwambie yote, kama ulivyoniambia mimi. Kwamba upo Mpanda, umepanga chumba, ndugu wametawanyika, nyumba imefungwa, na kila alipokuuliza mmeamkaje ulikuwa mmoja. Anaweza kukasirika. Ana haki, mwache akasirike mpaka amalize na usimkatize kwa kulia. Akinyamaza, mwambie neno la mwisho: «Lakini kilio chetu hakijaisha, na sina wa kunigandua. Njooni.» Mwanamke aliyebaki na masufuria ya watu anajua hilo neno lina maana gani. Sitakuahidi kwamba atakuja. Nakuahidi kwamba akija, atakuja kwako, si kwa watu wasiokuwepo.

Halafu ndugu zako. Umekosea jambo moja kubwa, umewauliza lini. Ukiwauliza watu wenye shughuli lini, watakujibu baadaye, na hakuna ubaya wowote ndani yake, ndivyo watu walivyo. Usiulize, waambie. Kwenye grupu lenu andika hivi: Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunaganduka nyumbani kwa mama, wageni wanatoka Karema. Halafu mpigie kila mmoja. Odeta kutoka Kasulu anafika akitaka, na mtoto amlete, nyumba ya kilio haikatai mtoto. Aristide kama atakuwa njiani na lori lake, basi saa ya sala asimame pembeni mwa barabara apige simu, mtaiweka kwa sauti kubwa mezani naye ataomba na nyie. Wakikataa wote wawili, bado mnaganduka. Wewe pia ni mtoto wa yule mama, si karani wa kusubiri wenzako wasaini.

Mimi ni Mfipa na mambo ya kwenu siyajui yote, kwa hiyo nimewauliza watu wazima wa Katumba ambao tunasali nao. Nimewauliza, ndugu wakikosekana nani anasimama kusema lile neno? Wamenijibu kwamba kweli mfiwa hajigandui, hapo hukukosea, ila anayesema si lazima awe wa damu. Anaweza kuwa jirani mliyekubaliana naye, mtu aliyemjua marehemu. Wewe jirani unaye, ni huyo mama Séverine aliyekuwa anaambiwa kila safari ya kwenda kusaga. Tangu mwaka jana hakuna mtu anayempitia kumwambia anakwenda wapi. Umewahi kufikiria hilo? Ulidhani Katumba nzima aliyefiwa ni wewe peke yako.

Ijumaa chukua ruhusa, nenda mapema. Usianze nyumbani kwenu, anza kwake. Piga hodi, mwambie umekuja kuchukua ufunguo na kumwomba neno, naye mtafyeka pamoja hayo majani. Fungua madirisha, washa moto jikoni mwa mama yako. Utalia pale jikoni, najua, hata mimi nimelia nikiandika hapa, na mhariri wangu hapa gazetini amejifanya anaangalia nje. Lia ukikoroga. Mwambieni mchungaji, waambieni majirani wawili watatu, habari zitajipeleka zenyewe. Chakula kisikutishe, maharage yapo Katumba na dagaa wanakuja na gari.

Na hizo Jumamosi. Kuvaa, kukaa kitandani na mkoba, kuvua mkoba. Hiyo nimeikataa. Wewe una mtu Katumba wa kumpelekea sukari na sabuni, ila ulikuwa humwoni kwa sababu anakaa nyumba ya pili. Hutampata mama pale, sikudanganyi. Utapata mtu atakayekuuliza mbona umechelewa. Na nywele zisukwe. Ukishaambiwa umeruhusiwa, mwombe mmoja wa wageni wako akusuke palepale uani, wanawake wa ziwani hawawezi kukaa mikono mitupu.

Sasa hiyo kompyuta. Method ni mtu mzuri lakini usimsikilize, usiizime leo. Ijumaa hutakuwepo ofisini kweli, kwa hiyo Alhamisi kabla ya kutoka kaa mbele yake na uandike upya: sipo ofisini, nipo Katumba, tunaganduka msiba wa mama yangu, nitarudi Jumatatu. Andika vilevile kwa urefu wako, uage kama mama alivyokufundisha. Ila safari hii Method akiuliza tarehe ya mwisho, mpe. Jumatatu asubuhi izime. Wakati huo hutakuwa umejigandua, utakuwa umeambiwa.

Nina la mwisho. Barua yako ilinifikia kutoka anwani ya ofisini kwenu, nami nikakujibu neno moja la haraka, nimeipata, vuta subira. Sijaweka hata mkono chini, jibu likaja. Habari, sipo ofisini, nipo Katumba kwenye msiba wa mama yangu mzazi. Nililisoma mara mbili, nikamwambia mhariri, huyu mtoto anajibu haraka kuliko mtu yeyote Mpanda na hakuna anayempata.

Jumatatu ile nitakuandikia tena. Sitauliza mengi, nitauliza umeamkaje. Halafu nitakaa nisubiri, na nisipojibiwa papo hapo nitafurahi, maana nitajua umesoma mwenyewe na unafikiria la kusema.

Mama Paskalia